Pesa ya kutafiti ndege wa Uganda, mastaz na PhD: maswali mnayoniuliza kila wiki

Naandika hii kwa sababu inboksi imejaa na maswali ni yale yale. Mi si ofisi na sina granti ya kumgawia mtu. Nilisoma mastaz ya mambo ya ndege hapa hapa Uganda kwa kuungaunga pesa kutoka mifuko minne, na njiani nikafanya makosa ambayo saa hii nayaona kwenye propozo zenu. Soma hapa kwanza, ukibaki na swali ndo uandike.

Kwani skolashipu ya ndege ipo kabisa?

Kwa jina hilo karibu hakuna, na hapo ndo wengi wanapotea. Mtu anakaa miezi sita anagugo "skolashipu ya ndege Uganda" wakati pesa ipo, ila imekaa mifuko miwili isiyojuana. Mfuko wa kwanza ni wa ada na chakula, ule unaomlipia mtu awe mwanafunzi, na huo haujali ndege hata kidogo, unajali maksi zako na nchi unayotoka. Mfuko wa pili ni wa fildi, yaani mafuta, mtumbwi, nyavu, msaidizi, na huo maksi zako hauzitazami sana, unataka kujua ndege ana shida gani na watu wanaoishi naye watapata nini. Ukiomba ada kwenye mfuko wa fildi unakataliwa bila hata kusomwa hadi mwisho. Ukijua hilo tu umeshawapita nusu ya wanaoomba.

Sawa, ada. Nianzie wapi?

Anzia kwa mwalimu, sio kwenye tovuti. Wahadhiri wenye mradi mara nyingi wanakuwa na nafasi ya mwanafunzi mmoja au wawili ndani ya bajeti yao na nafasi hizo hazitangazwi popote, anapewa yule aliyekuwa anapita pita koridoni. Makerere kwa mfano kuna pesa ya serikali ya utafiti, Mak-RIF, iliyoanza 2019. Ile wanaomba wahadhiri, wewe huwezi kuiomba peke yako, lakini timu zao zinahitaji mtu wa kwenda kulala kwenye tope na mtu huyo anaweza kuwa wewe. Chuo kikuu cha Mbarara nao wana kituo chao cha utafiti wa msitu, ITFC, kiko Ruhija pale pale Bwindi, na Makerere wana kituo cha Kanyawara ndani ya msitu wa Kibale. Ukitaka ndege wa msituni basi jitambulishe kwa watu wa vituo hivyo kabla hujaandika hata sentensi moja ya propozo.

Nje ya hapo kuna DAAD, shirika la Wajerumani la skolashipu, wana programu ya kusomesha watu ndani ya nchi zetu na nchi jirani, sio lazima uende Ujerumani. Kuna skolashipu ya Commonwealth ya Uingereza, mastaz na PhD, ushindani mkali na wanapenda uonyeshe masomo yako yatarudisha nini nyumbani. RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika ambao makao yao ni hapo hapo Makerere, ni watu wa kilimo, kwa hiyo kama swali lako ni ndege wanaokula mpunga au ndege wanaokula wadudu kwenye kahawa jaribu, kama ni wimbo wa chozi mlimani Rwenzori usiwapotezee muda.

Halafu kuna vyuo viwili Afrika ambavyo watu wetu wanavisahau. APLORI iko Jos, Nigeria, ilianza 2001, ni taasisi ya ndege yenye msitu wake mdogo mlangoni, na mastaz yao ya konsavesheni (uhifadhi) inachukua Waafrika wa nchi nyingine pia. FitzPatrick Institute iko ndani ya University of Cape Town tangu 1960. Ukisoma huko bado unaweza kuuliza supavaiza wako kama data unaweza kuja kuichukua Uganda.

Na pesa ya fildi?

Hapa ndo nina maneno mengi.

Ya kwanza kila mtu anaijua, Rufford Foundation ya Uingereza. Inakwenda kwa ngazi, unaanza na ile ndogo ya kwanza, ukiifanyia kazi vizuri na ripoti ikaonekana unaomba ya pili, na bado ziko za juu yake. Haina dedilaini moja ya mwaka, unaomba ukiwa tayari. Lakini msikie vizuri, Rufford hawalipi utafiti wa kujifurahisha, wanalipa konsavesheni, yaani ukiandika "nataka kujua msongamano wa ndege fulani" na ukaishia hapo umekwisha. Andika ukishajua huo msongamano nani atafanya nini nao, kijiji gani, ofisi gani. Pia wanataka watu wa kukudhamini kwa maneno, na hao wasiwe mjomba wako na rafiki yako wa hosteli, wawe watu wanaojua kazi ya ndege.

African Bird Club nao wana mfuko wa miradi midogo barani. Ni pesa kidogo, usitegemee ikulipie mwaka mzima, ila fomu yake ni fupi na kwa mtu ambaye hajawahi kupata granti yoyote ni mlango mzuri sana maana granti ya kwanza ndo inaita ya pili. British Ornithologists' Union, chama cha tangu 1858, wana granti ndogo za utafiti wa ndege, hao wanapenda sayansi yenyewe zaidi, kwa hiyo swali kali la kitaalamu linawafaa wao kuliko Rufford. Mohamed bin Zayed Species Conservation Fund wanatoa hadi dola 25,000 na wanaangalia spishi iliyo hatarini, moja, kwa jina lake. Conservation Leadership Programme wanataka timu, watu watatu au zaidi, wachanga kwenye kazi, kwa hiyo kama mko wanafunzi watatu mnalia njaa kila mtu chumbani kwake hebu kaeni meza moja.

Granti zote nne nilizopata mi zilikuwa ndogo. Hakuna hata moja iliyotosha peke yake.

Ndege gani anaita pesa haraka?

Swali baya lakini la kweli, nitajibu. Uganda ina zaidi ya aina 1,000 za ndege na wafadhili wanawajua kama kumi hivi.

Korongo taji, ngaali wetu wa kwenye bendera, aliwekwa kwenye kundi la walio hatarini 2012, mabwawa yanalimwa na vifaranga vinachukuliwa, na International Crane Foundation wanafanya kazi huku kusini magharibi, kwa hiyo kuna watu wa kukuelewa. Tumbusi ni hadithi nzito zaidi, sumu inawamaliza. Machi 2021 pale hifadhi ya Queen Elizabeth walipokutwa simba sita wamekufa kwa sumu, kando yao kulikuwa na tumbusi wanane, na magazeti yakaandika simba simba simba. Kasuku wa kijivu anabebwa na biashara, tangu 2017 hauzwi kimataifa kihalali akiwa wa porini. Korongo nyangumi (shoebill) wa bwawa la Mabamba anapendwa na kila mtu mwenye kamera.

Lakini ukiniuliza mi, nenda kwa kwera wa Fox, Ploceus spekeoides. Huyu ndo ndege pekee ambaye hayupo nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa Uganda, yuko huko upande wa Teso na Kyoga, mabwawa ya Bisina na Opeta, na ukiuliza watu Kampala hawajawahi kumsikia. Propozo inayosema "nchi hii ina ndege mmoja tu wa kwake peke yake na tunajua machache sana juu yake" inajiandika yenyewe. Au yule mdogo wa kijani wa Bwindi, Pseudocalyptomena graueri, anaishi hapo na mashariki ya Kongo tu. Wa Bwindi lakini ujue ni milima, mvua, na ndovu, kwa hiyo lazima utembee na askari wa hifadhi na siku zake ziingie kwenye bajeti.

Ndege wa kawaida hawafai?

Wanafaa, ila swali libebe ndege. Mnana wa kawaida kwenye mtaa unaojengwa leo na kesho ni swali zuri la mji, usiliuze kama swali la mnana.

Vibali nianze lini, kabla ya pesa au baada?

Kabla. Jana. Utafiti wote unasajiliwa UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia, kupitia mfumo wao wa mtandaoni, NRIMS, na kabla ya hapo unahitaji kamati ya maadili ikupitishe, hasa kama utashika ndege kwa nyavu au utahoji watu. Ukiingia hifadhi ya taifa unahitaji kibali cha UWA, mamlaka ya wanyamapori, ukiingia msitu wa akiba wa serikali unaenda NFA, mamlaka ya misitu, na ukiingia kijijini unaenda kwa mwenyekiti wa LC1 (serikali ya kijiji) na barua mkononi hata kama hakuna sheria inayokuambia, maana usipoenda siku ya tatu utaulizwa wewe na darubini yako unapeleleza ardhi ya nani.

Mi niliumia hapa. Nilitaka kuhesabu wageni wa Ulaya ziwani, wale buabua wenye mabawa meupe wanaojaa Lutembe, Ziwa Victoria, na wageni hao wanakuja kuanzia Septemba Oktoba wanaondoka kufika Aprili, hiyo kila mtu anaijua. Nikapeleka makaratasi Agosti nikijiona mjanja. Ofisi moja, sitaitaja, ikalalia barua yangu, kila nikienda naambiwa mheshimiwa wa kusaini yuko semina, siku nyingine nikaambiwa faili haionekani, hadi ikaonekana chini ya katoni ya maji. Kibali nikakipata mwisho wa Machi. Nikakimbia ziwani na taksi, nikafika nikakuta ndege wako pale kweli lakini kila asubuhi wanapungua, na wiki ya pili nikabaki nahesabu kuku wa mama mmoja. Msimu mzima umekwenda na granti inakusubiri uandike ripoti. Kwa hiyo kama ndege wako ni mgeni wa msimu, weka kwenye ratiba miezi sita ya makaratasi na uandike hivyo waziwazi, mfadhili hakasiriki, anakasirika ukimdanganya.

Nisaidie na bajeti, naona aibu kuandika pesa ya boda.

Aibu ya nini sasa? Boda ndo usafiri. Wanaosoma bajeti wanajua kwamba bwawa halina lami, na wanachokishuku ni ile namba nzuri ya mviringo, "usafiri: 5,000,000", haina mguu wala kichwa. Ivunje. Tuseme unaenda bwawani mara mbili kwa wiki kwa wiki 12, hizo ni safari 24. Tuseme mtumbwi na mwenyewe ni 80,000 kwa siku, andika 80,000 mara 24 ni 1,920,000. Boda ya kwenda na kurudi hivyo hivyo, msaidizi hivyo hivyo. Ukimaliza kila mstari unaonekana umetoka mahali fulani.

Vitu ambavyo watu wanasahau, na mi nilisahau vyote: betri, bando la data, kuchapa na kubaindi tesisi, ada za vibali vyenyewe, soda na chai ya mkutano wa kijiji, na tofauti ya kubadilisha pesa maana granti inakuja kwa pauni au dola na wewe unaishi kwa shilingi, siku shilingi ikipanda unakuta mwezi mmoja wa fildi umeyeyuka. Weka fungu la dharura. Usijilipe mshahara mnono, hizi granti ndogo hazipendi hiyo, weka posho ya kula na kulala ukiwa fildi basi.

Na penseli. Usicheke. Siku yangu ya kwanza Mabamba tuliondoka saa kumi na moja na nusu asubuhi, giza bado, mzee wa mtumbwi anasukuma kwa mti mrefu kati ya mafunjo, maji yanaingia taratibu chini mi sijui, daftari liko miguuni. Korongo nyangumi tulimwona saa moja kasoro, amesimama kama mtu anayesubiri basi, nikaandika kila kitu kwa kalamu ya wino, saa, umbali, alichokula. Jioni nafungua daftari nakuta ziwa la bluu. Toka siku hiyo penseli, na daftari ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga.

Lakini siku hiyo ndo ilinipa granti. Mzee alisema, nanukuu kwa kumbukumbu, "zamani tukimwona huyu asubuhi tunarudi nyumbani, siku hiyo hakuna samaki, wengine walimuua kabisa. Siku hizi yeye ndo analipa ada ya watoto." Watalii wanalipa mtumbwi, si ndio. Nikaiweka sentensi hiyo ukurasa wa kwanza wa propozo iliyofuata badala ya ile aya yangu ya "bioanuwai ni muhimu kwa maendeleo endelevu", na jibu likaja tofauti kabisa na majibu ya kwanza.

Pesa inaingia akaunti yangu au ya chuo?

Inategemea mfadhili. Wengine wanakubali akaunti ya mtu, wengine wanataka taasisi. Ya chuo ni salama kwa macho ya mfadhili ila chuo kinaweza kukata asilimia na kutoa pesa kunaweza kuchukua wiki nyingi za saini, uliza kabla hujaandika namba ya akaunti. Jambo lingine ni akauntabiliti, neno ambalo Mganda yeyote aliyewahi kushika pesa ya mradi analijua kama jina la mama mkwe. Mwenye mtumbwi hana risiti ya mashine. Nenda na kitabu cha risiti chako, aandike jina, tarehe, kiasi, asaini au aweke dole gumba, au umlipe kwa mobile mani na meseji uitunze. Piga picha kila risiti siku hiyo hiyo, zile za petroli zinafutika wino ndani ya mwezi.

Sina darubini wala GPS.

IDEA WILD ya Marekani hawatoi pesa, wanatoa vifaa, na ndo watu wa kuwaandikia kwa darubini, kamera, GPS. Uliza mapema itafikaje na forodha itataka nini, maana kifaa cha bure kinaweza kukwama Entebbe kikidaiwa kodi. Wakati unasubiri nenda NatureUganda, wana hesabu za ndege wa majini kila Januari na Julai na siku kubwa ya kuangalia ndege kila mwaka, jitolee, utashika darubini ya mtu na kujifunza bure kutambua ndege kwa sauti. Na hapo hapo ndo utakutana na hao watu wa kukuandikia rekomendesheni.

Supavaiza hajibu imeli.

Imeli yako ina kurasa ngapi? Prof anasoma kwenye simu akiwa foleni ya Wandegeya. Andika mistari sita: we ni nani, ndege gani, swali gani, wapi, pesa gani unaiomba na lini, unataka yeye afanye nini. Baada ya wiki mbili nenda ofisini kwa heshima, bisha hodi, "samahani Prof, nilikuandikia". Sio kumkimbiza, ndo utaratibu wa huku. Na ukitaka barua ya rekomendesheni mpe wiki tatu na umwandikie pointi, usimpigie usiku wa dedilaini ukimwita daktari mpendwa.

Naweza kupeleka manyoya au damu ya ndege maabara za nje?

Unaweza lakini usiyaweke kwenye begi ukapanda ndege, hilo ni kosa la jinai. Unahitaji makubaliano ya kuhamisha sampuli yanayopitia UNCST, ruhusa ya UWA, na kwa ndege walioko kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kama korongo taji, korongo nyangumi na kasuku, kibali cha CITES juu yake. Kama unaweza kupata jibu lako kwa macho na masikio, pata kwa macho na masikio.

Nimekataliwa mara tatu, niache?

Mara tatu na propozo ile ile? Basi wamekataa propozo moja. Waombe maoni, wengine wanatoa, na mpe rafiki asiye wa bayoloji asome, akishindwa kukuambia kwa sentensi moja unataka kujua nini, hata wao walishindwa. Mi nilikataliwa mara tano na ya tano walikuwa sahihi.

Kuna jamaa anasema nimtumie laki mbili anifanyie aplikesheni ya granti.

Hapana. Hizi nilizotaja unaziomba mwenyewe, huhitaji kumlipa mtu.

Kalooli wa Kampala naweza kuwasomea mastaz?

Wale korongo wakubwa wa jalalani (marabou), ndiyo, mbona unaona aibu. Makerere wamekuwa wakiwachunguza tangu miaka ya 1970, maana yake una data ya zamani ya kulinganisha ambayo mtu wa msituni anaitamani, usafiri wako ni boda mbili na kiti cha plastiki, na kibali cha hifadhi huhitaji. Hayuko hatarini kwa hiyo Mohamed bin Zayed sahau, nenda na swali la taka, afya ya mji, miti inayokatwa. Ila beba kofia, tena pana, usikae chini ya kiota ukiandika.